Mtoto Hakulia

Fundi saa na jirani yake kinyozi walikuwa wakibishana tena juu ya yule mtoto aliyeibwa stesheni, enzi za ujana wao, asionekane hadi leo.

"Ni yaya," kinyozi alishikilia. "Angebebwa na mgeni, angelia stesheni nzima isikie."

"Mnamsingizia bure yaya wa watu. Lile lilikuwa genge. Walimziba mdomo."

"Hakulia," mke wa fundi saa akasema.

Alikuwa akipiga pasi dirishani, wala hakuinua macho. "Nilimpa kidole, akakishika mpaka treni ikaondoka."

Kinyozi akacheka, akidhani ni utani.

Fundi saa hakucheka. Alipomwoa mke huyu alimkuta na binti mdogo, akaambiwa baba yake ni marehemu, naye akamlea kama damu yake. Sasa aliutazama mkono wa mkewe. Pasi ilikuwa imesimama juu ya kola, na moshi mwembamba ulianza kupanda.

"Shati linaungua," alinong'ona.

Mlangoni ikasikika sauti ya binti yao. "Hodi! Baba, mpo?"

"Tupo, ingia!" kinyozi akaitikia kwa furaha. "Njoo utuamulie, mwanangu. Yule mtoto wa stesheni, unadhani alichukuliwa na nani?"