Ua Lisilopenda Kubembelezwa

Mke wa dereva mstaafu alichomeka kidole kwenye udongo, chini ya ua lake la zambarau aina ya salvia, kikatoka na tope. Jua la mchana lilikuwa kali, lakini udongo ulikuwa chepechepe.

"Baba watoto, nani anamwagilia hapa?"

Dereva mstaafu aliitupia jicho ndoo. Kila mkewe alipokwenda kushona, yeye alijaza ndoo. Kadiri majani yalivyonyong'onyea, ndivyo alivyozidi kumimina.

"Niliona lina kiu."

"Hili ni ua, bwana wee, si bata."

Hakupandisha sauti. Aling'oa shina zima, alilolilea tangu likiwa kijiti cha kuokota jalalani. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka uozo. Mumewe aligeuza uso.

Mkewe hakugeuza. Aliichambua taratibu, kama anayefumua pindo bila kuchana kitambaa, akitupa mzizi uliooza, akipapasa unaofuata. Mumewe akajikuta ameinama kutazama vile vidole. Katikati kabisa ulijitokeza mzizi mmoja mweupe, mwembamba kama uzi.

"Huyu bado yupo," alisema mkewe. "Niletee mkasi, na kokoto za kupitishia maji."

Mzee alikuwa ameshaanza kukimbia.