Pumzi Kumi za Asubuhi

Mpira wa kwanza ulipanda, wa pili ukatetemeka katikati ya bomba, wa tatu haukusogea kabisa.

"Vuta, usipulize," Abiba alisema. "Moja."

Tari, mdogo wake, alitoa mdomoni mrija wa kile kifaa cha mazoezi ya kupumua, akapumzika, akaurudisha. Asubuhi pumzi kumi, mchana kumi, jioni kumi. Ndivyo alivyoagiza Kinanu, mtaalamu wa mazoezi pale hospitali ya Isiolo, tangu Tari arudi kutoka Nairobi na mshono mrefu kifuani. Misuli ya kupumua ililala wakati wa upasuaji, Kinanu alieleza, sasa ni lazima iamshwe kidogo kidogo. Abiba alihesabu kwa sauti ile ile ambayo angehesabu mitungi ya maji. Hakusifu, hakukaripia.

Everline, jirani yao, alichungulia juu ya mabati akauliza hiyo shisha yao mbona haitoi moshi. Tari akacheka, kicheko kikaleta kikohozi, na Abiba akamsukumia mto. Tari aliukumbatia kwa nguvu mpaka kikohozi kikapita, mfupa wa kifua usije ukaachana.

"Nne," Abiba akasema, kama vile hakuna kilichotokea.

Ugonjwa ulimshika Tari alipojifungua Fardosa, ambaye sasa ana mwaka mmoja na nusu. Daktari alisema vali ya moyo imeharibika, na bila upasuaji mtoto atabaki bila mama. Lakini Tari hakuwa na kitambulisho. Mara mbili alienda kwa vetting, kuhojiwa kama kweli ni raia, mara mbili akaambiwa alete cha babu yake, na babu alikufa Sericho kabla hajapigwa picha hata moja. Basi Abiba akamwambia aache kulia, yeye ataongea na watu wa hospitali. Akaongea. Baada ya miezi miwili simu ikaja kutoka Nairobi: nafasi ipo.

Sasa lilibaki jambo moja tu. Tari apite kipimo cha wiki ya kumi na mbili, aruhusiwe kumbeba mtoto wake. Tangu arudi hajambeba. Fardosa alikuwa ameanza kumpita kama mgeni, anaenda moja kwa moja kwa Abiba, na hilo lilimuuma Tari kuliko mshono.

Abiba naye hakumbeba. Mtoto akilia, Abiba alikaa kwanza kwenye mkeka, ndipo akamwita aje mwenyewe mapajani. Alisema hataki azoee mgongo usio wa mama yake.

Jioni, jua likipoa, walitembea kando ya ua wa uwanja wa ndege. Wiki ya kwanza walifika nguzo ya tano, wakarudi. Wiki ya sita, ya thelathini. Wiki ya tisa Tari akawa anatangulia, anageuka, anangoja.

"Dada, unatembea kama bibi harusi anayepelekwa asikotaka."

"Wewe umewekwa spea mpya," Abiba akajibu. "Tembea."

Akashika nguzo, akavua kiatu kutoa kijiwe. Kijiwe hicho kilikuwa kikiingia kila jioni.

Siku ya themanini mipira yote mitatu ilipanda, ikakaa juu. Tari alipiga makofi peke yake. Kisha akamnyooshea Abiba kile kifaa, na yeye ajaribu aone ilivyo kazi. Abiba alikataa, akasema kina mate ya mtu. Tari alitaka sana kumwona akifurahi, hata kidogo. Lakini Abiba alikuwa ameshainuka kwenda kuweka chai, mkono mmoja ukutani.

"Bado tisa," alisema.

Siku ya kipimo, Abiba alibaki nje kwenye benchi na Fardosa. Ndani, Tari alitembea kwenye korido dakika sita bila kusimama, Kinanu nyuma yake na saa mkononi. Walipoketi, Kinanu alifungua faili, akasoma jina kama kanuni inavyotaka.

"Abiba Molu?"

Tari akaitika. Alishazoea. Kitambulisho kilichompeleka Nairobi kilikuwa cha dada yake, na Abiba alimwambia kwamba alimwandikisha kwa jina lake ili mambo yaende haraka.

Kinanu alimpongeza. Kuanzia leo ambebe mtoto, ila aanze polepole. Akasema pia kwamba Nairobi wameshalifuta jina lake kwenye orodha ya wanaongoja upasuaji. Katika mpango huo wa upasuaji mtu hupewa nafasi moja tu, kwa hivyo aitunze.

"Umevumilia, mama," Kinanu alisema. "Kungoja miaka sita si mchezo."

Tari alimwambia taratibu kuwa labda wamekosea mahali, miaka sita si yake. Kinanu, ambaye alihamishiwa Isiolo mwaka huu tu, alirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, kisha akageuza faili ili amwonyeshe. Hakukuwa na kosa. Picha ya kwanza ya moyo mbovu wa Abiba Molu ilipigwa miaka sita iliyopita, mwaka ambao Tari alikuwa bado anakimbia mbio za shule kule Merti.