Mlango wa Tunu

Kikundi cha kina mama wachoraji kiliwaomba wakazi walete kitu cha nyumbani, kipakwe rangi na kuonyeshwa uwanjani. Wengi walileta sinia. Tunu alikuja na mlango mzima wa chumbani kichwani, alioung’oa mwenyewe, akitembea kwa madaha ya bibi harusi.

“Mdogo wangu, si ungeleta hata mwiko?” akatania mwenyekiti, Bi Msiri.

“Mwiko haujawahi kunifungia ndani, dada.”

Akausimamisha. Upande wa nje ulikuwa na komeo. Wa ndani ulijaa mikwaruzo ya kucha. Vicheko vikakatika.

Mumewe, Bwana Shomvi, mheshimiwa mwenye kofia iliyonyooshwa kuliko zote mjini, akafika akihema.

“Mlango wangu huo! Hilo komeo nimelipigilia mwenyewe!”

Uwanja mzima ukamgeukia. Hapo ndipo mheshimiwa naye alipoyasikia maneno yake.

“Tumekusikia, shemeji,” alisema Bi Msiri, kisha akamkabidhi Tunu brashi. “Leo unalala kwangu.”

Tunu akachovya rangi ya njano, akaanza kuchora taratibu juu ya komeo, huku kina mama wakisogea mmoja mmoja kuushika mlango usianguke.