Mkaguzi Amekataa Tena

"Mkaguzi amekataa tena!" mzee alitangaza kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Binti yake, msanifu majengo, aliweka penseli chini. "Safari hii amekataa nini, baba?"

"Mlango wa bafu. Anasema mwembamba. Njoo unifundishe."

Ilikuwa mara ya tatu tangu mzee aanze kuikarabati nyumba yake. Kwanza mkaguzi wa majengo alizikataa ngazi za mbele, mzee akazivunja. Kisha akakikataa kizingiti, mzee akaking'oa kwa mikono yake mwenyewe. Na kila alipokataliwa alizidi kuchangamka. Hakuishiwa sifa za mkaguzi: ana jicho, hahongeki, hacheki ovyo, lakini siku akicheka, we acha tu.

Binti alipofika alimkuta baba yake amejaa tele kwenye kochi, kitabu cha kanuni za ujenzi mapajani.

"Baba, hizi kurasa ni za hospitali na ofisi. Nyumba ya mtu binafsi hailazimishwi."

"Sijauliza kulazimishwa. Nimeuliza zina maana gani."

Hapo mzee alimpata. Chuoni alikofundisha binti, wanafunzi wake walikariri vipimo kama kasuku, na kila muhula aliwaambia yale yale: nyuma ya kila kipimo kuna mtu, na usipomwona huyo mtu, kanuni hujaielewa. Basi akaburuta kiti cha ofisi chenye magurudumu, akamkalisha mzee.

"Usiguse chini. Haya, nenda bafuni."

Mzee akajisukuma kwa kushika kuta. Viwiko vikagonga fremu, pa! Akajaribu kinyumenyume, akakwama katikati ya mlango, hapiti wala harudi. Akaanza kucheka mpaka miwani ikadondoka. Binti akaenda kumvuta, naye akashikwa na kicheko, akaishia kukaa sakafuni akijishika mbavu.

"Sasa umeelewa kwa nini wanataka sentimita tisini?"

"Nimeelewa mpaka kwenye viwiko!"

Njiani kurudi kazini kicheko kilimkauka. Mteremko badala ya ngazi. Vyuma vya kushikia bafuni. Swichi za taa zimeshushwa hadi usawa wa kiuno. Baba alikuwa anajiandaa. Miguu inamwishia na hataki kusema. Tangu mama afariki, mzee huyu hakuwahi kukiri hata mafua.

Kesho yake alimuuliza waziwazi. "Baba, daktari amekuambia nini?"

"Daktari gani?" mzee alisema, kisha akatoka mbio kwenda kumfokea fundi aliyekuwa anapaka rangi isiyo yenyewe.

Siku ya ukaguzi wa mwisho binti aliomba ruhusa kazini. Alikuwa amejipanga: atamvuta mkaguzi pembeni, amweleze kwamba mzee anaumwa, amsihi asimsumbue tena. Mzee alikuwa amevaa suti, ndevu zimenyolewa, manukato yanasikika mpaka nje ya geti. Alikuwa hakai, hasimami.

Gari likasimama. Kikateremshwa kiti cha magurudumu, na mama mmoja wa makamo, mwenye hereni kubwa na futi ya chuma mfukoni, akajihamishia humo bila kushikwa mkono.

Mkaguzi alipanda mteremko bila kutweta. Akapita mlango wa mbele. Akawasha taa ya korido bila kujinyoosha. Akaingia bafuni, akageuka mzunguko mzima, na hakugusa ukuta hata mmoja. Mzee alimfuata hatua kwa hatua, pumzi ameibana.

"Imepita," mkaguzi alisema.

Mzee akaruka juu, suti na yote, akatua akapiga makofi, akaruka tena.

Binti alimtazama baba yake, akaitazama miguu ile, akabaki hajui ashike lipi. "Asante sana, mama," alisema mwishowe. "Sasa kibali cha halmashauri kitatoka lini?"

"Halmashauri?" Mkaguzi akacheka, na nyumba nzima ikajaa kicheko chake. "Halmashauri iliipitisha nyumba hii kabla hata ngazi hazijavunjwa, mwanangu. Baba yako aliniposa. Nikamwambia jibu atalipata baada ya ukaguzi."