Mlango wa Namsifu

Siku hizo hakukuwa na nyumba iliyofunguka bila akaunti. Namsifu hakuwa na yake. Kwa haraka za harusi alichagua kuingia kwa akaunti ya mumewe Elineema, kama mabibi harusi wote. Sasa walikuwa wametoka kumzika Elineema, na mlango ukamwambia kwa upole, "Akaunti hii imefungwa. Chagua ya ndugu wa marehemu."

"Nifungulie yangu mwenyewe," akausihi.

"Wajane hawafunguliwi."

Zebedayo, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshanyoosha kidole mlangoni kuweka alama yake. "Kubali tu, shemeji. Wazee wamesimama juani."

Namsifu alifumba macho, akamwomba Mungu njia nyingine, akangoja. Kisha akasema, "Nakubali."

Mlango ukafunguka. "Karibu nyumbani, mke wa Zebedayo."