Soda ya Tangawizi Imerudi

Tangu homa kali imtoke, Shomvi hakusikia ladha ya kitu chochote. Pilau kwake ilikuwa mchanga, mchuzi maji matupu. Alizidi kukonda, na mkewe Mwanaidi akaishiwa maneno ya kumbembeleza.

Asubuhi moja Mwanaidi alirudi kutoka sokoni akihema. Mkononi alishika soda ya tangawizi, ile iliyotoweka madukani kiwanda kilipofungwa, watoto wao wakiwa bado wadogo.

"Kiwanda kimefunguliwa tena, Baba Rehani! Watu wanaigombania."

"Utaipoteza bure, mke wangu. Ulimi wangu umekufa."

"Onja tu, kwa ajili yangu."

Shomvi alipiga funda moja, akakunja uso. Akapiga la pili. Machozi yakamlengalenga.

"Inawasha," alisema polepole. "Mwanaidi, inawasha!"

"Alhamdulillahi!" Mwanaidi aliketi palepale sakafuni, akajifunika uso kwa kanga.

Shomvi alicheua kwa kishindo, akacheka. "Jikoni kuna nini?"

Mwanaidi aliinuka mbio kwenda kupasha wali. Alipogeuka mlangoni, alimwona mumewe akimimina soda iliyobaki kwenye kikombe cha Mwanaidi, taratibu, povu likipanda hadi ukingoni.