Biskuti za Bi Elishiba

Bi Elishiba alikuwa akipiga pasi kitenge cha kesho, siku ambayo angeshuhudia kanisani kwamba Mungu amemponya goti, binti wa kaka yake, Penina, alipoingia.

"Shangazi, usishuhudie," Penina alisema. "Biskuti ninazokuletea zina bangi."

Bi Elishiba aliiweka pasi kando. "Bangi hii ya kuvuta?"

"Siku hizi haivutwi tu. Wanaitia kwenye keki, peremende, hata chokoleti. Wazee wananunua ili maumivu yatulie, wapate usingizi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungekula?"

"Nisingekula."

"Basi."

Kwa miezi miwili Bi Elishiba alikuwa amefunga na kuomba. Kila jioni alikula biskuti moja kwa chai, kisha akapiga magoti bila kushika kitanda, akalia kwa shukrani. Sasa hakujua amshukuru nani.

"Na kama ni Yeye aliyekutuma?" aliuliza. "Nikinyamaza, si nitakuwa nimemnyima sifa yake?"

"Mimi sijui, shangazi. Nilitaka ulale tu."

Jirani yao, Mama Zakayo, alibisha hodi, akaingia akiburuta mguu, akajitupa mkekani.

"Nimesikia ulivyopona, dada. Kesho ni mbali. Niombee hapa hapa."

Bi Elishiba alimtazama Penina. Penina akatazama sakafu. Bi Elishiba akapiga magoti bila maumivu yoyote, akaweka viganja vyote viwili juu ya mguu uliovimba. Mama Zakayo alikwisha kufumba macho, akingoja neno la kwanza.